Mama Penina na Kompyuta Zilizozima Baada ya Ibada

Leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mama Penina Akyoo, Fundi Mkuu wa Kompyuta wa Ushirika wa Wakulima wa Kahawa Nkoamringa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Anaitwa Fundi Mkuu ingawa ofisi nzima haina fundi mwingine. Cheo hicho alijipa mwenyewe mwaka tulioagiza vibao vya milangoni. Yeye ndiye aliyetumwa kupeleka majina kwa mchonga vibao, kibao chake kikarudi kimeandikwa hivyo, na hakuna aliyethubutu kukirudisha.

Uongozi umeniomba mimi, Lilian wa Uhasibu, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe hii. Nimeelekezwa niandike mambo ya kujenga. Nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na minane, nikijua anachokula, anachokichukia na nyimbo anazokosea maneno, kwa hiyo nitajitahidi kujenga pale panapojengeka.

Mama Penina alizaliwa huko huko Nkoamringa, kwenye migomba na mibuni ya baba yake, akasoma, akapata kipaimara, akaenda kusomea uhazili, na mwaka 1994 akaajiriwa hapa kama mpiga chapa. Wazee wa ofisi wanasema taipureta yake ilikuwa na kelele kiasi kwamba meneja wa wakati ule alihamisha meza yake upande wa pili wa jengo. Mama Penina mwenyewe anasema meneja alihama kwa sababu alichoka kusahihishwa barua zake.

Kompyuta ya kwanza ililetwa na wageni waliotutembelea kutoka ng'ambo. Ilipokelewa kwa hotuba na picha, halafu ikawekwa kwenye ofisi ya meneja, ikafunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na juu yake ikawekwa kalenda ya kanisa. Ilikaa hivyo mwaka mzima. Kamati ilikuwa bado inajadili nani apewe dhamana ya kuiwasha. Meneja alipokwenda likizo, Mama Penina aliondoa kalenda, akakunja kitambaa vizuri, akaiwasha. Meneja aliporudi alikuta majina ya wakulima wa vijiji vitatu yameshaingizwa humo, na haikuwezekana tena kumfokea mtu aliyefanya kazi. Hivyo ndivyo alivyokuwa fundi, na mpaka leo hakuna barua yoyote ya kumhamisha kutoka uhazili.

Mengine aliyotufanyia ni mengi. Yeye ndiye aliyeunganisha kompyuta zetu zote hapa ofisini Themi, Arusha mjini, kwa waya aliopitisha darini kwa mikono yake, akiwa amevaa gauni na raba, maana aliona ni aibu kumlipa mtu kutambaa. Wale tuliokuwepo tunakumbuka siku mguu wake ulipotokeza kwenye dari ya ofisi ya meneja, katikati ya kikao na wanunuzi wa kahawa. Kikao hakikusimama. Meneja aliendelea kueleza ubora wa kahawa ya mwinuko wetu huku raba ile ikichezacheza juu ya kichwa chake, na wanunuzi kwa adabu wakaandika walichoambiwa. Kiraka cha dari bado kipo kwa anayetaka kukiona.

Kuhusu tabia yake, niseme tu kwamba Mama Penina si mtu wa kubembeleza. Ukimwita mezani kwako, kabla hujamaliza shikamoo, ameshakuuliza umegusa nini. Hakuna jibu la kumridhisha. Ukisema hujagusa kitu, anakuuliza sasa kompyuta unaitumiaje bila kuigusa. Amemuuliza hivyo meneja, amewauliza wakaguzi wa hesabu, na amewahi kumuuliza mchungaji aliyekuja kuchapisha matangazo ya mavuno. Godbless wa stoo, ambaye siku moja alimwaga loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, kwenye kibodi, alipigwa marufuku kula mahali popote penye waya, na kwa kuwa stoo ina taa, kwa muda mrefu alikuwa anakula nje kwenye ngazi.

Tiba zake zilikuwa za nyumbani lakini zilifanya kazi. Kompyuta ikikataa kuwaka, aliifungua, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akachomoa kile kibao cha kumbukumbu, akakisugua meno yake kwa ufutio wa penseli, akakirudisha, akaigonga kidogo ubavuni na kuiambia iache utoto. Nane kati ya kumi ziliwaka. Hizo mbili zilizobaki alisema zimechoka kama sisi.

Hayo yote ni utangulizi. Nisipoeleza mambo ya mwaka huu nitakuwa nimeandika tangazo, si wasifu, na wote mlioko ukumbini mnajua ninazungumzia nini.

Kwa faida ya wageni, ofisi yetu si kanisa. Ila waanzilishi wa ushirika huu walikuwa Walutheri, na hawakuwahi kupima kahawa kabla ya kuimba. Kwa hiyo kila asubuhi tunaanza na ibada ukumbini: wimbo, neno, maombi. Baada ya amina tunasimama duara na kusalimiana, wadogo wakizunguka kuwaamkia wakubwa kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Wakati huo mfanyakazi mgeni kuliko wote hutoka kwenye duara mapema, anakwenda kuwasha kompyuta za kila mtu, ili wakubwa wakimaliza kuamkiwa wakute mashine ziko tayari. Utaratibu huu haumo kwenye kanuni zozote za utumishi, na ndiyo maana haujawahi kuvunjwa.

Mwezi Januari tulipata wageni wawili katika wiki moja. Wa kwanza alikuwa Nosim Lesikar, mzaliwa wa upande wa Monduli, mama wa watoto watatu anayeishi Levolosi. Aliajiriwa kuingiza taarifa za wakulima, kwa majaribio ya miezi sita, na kwa kuwa ndiye mgeni, kazi ya kuwasha kompyuta ikamwangukia.

Mgeni wa pili alikuwa boila la chai. Binti wa mwisho wa Mama Penina, Brenda, alikuwa amehitimu chuo, na mama akataka kumshukuru Mungu mbele ya wafanyakazi wenzake. Wengine wakishukuru huleta mkungu wa ndizi au mbuzi. Yeye alileta boila kubwa la umeme linaloweza kuchemsha chai ya ofisi nzima kwa mara moja, kwa sababu alikuwa amechoka na chai yetu ya jiko la gesi iliyokuwa inafika baada ya hamu kuisha. Mchungaji alikuja, akaliombea, likawekwa wakfu, tukapiga makofi. Kwetu hapa kitu kikishaombewa kinapata kinga kama gari la balozi. Mama Penina akabandika karatasi juu ya swichi yake, kwa mwandiko wake mkubwa wa kihazili: CHOMBO CHA SHUKRANI. USIZIME. Mzee Solomoni, mlinzi wetu, akapewa jukumu la kuliwasha asubuhi kabla ya wimbo wa kwanza, ili tukitoka ibadani tukute chai.

Wiki iliyofuata kompyuta zikaanza kufa.

Hazikufa kila siku, na hilo ndilo lililotutoa akili. Siku moja ziliwaka zote kwa utii. Siku nyingine Nosim alipita mstari mzima akibonyeza vitufe, na kabla hajafika ya mwisho, ya kwanza imeshazima. Moja ilitoa skrini ya bluu yenye maandishi ya lawama. Nyingine ilizima, ikawaka, ikazima, ikawaka, mpaka unaona huruma. Yangu ilifika kwenye picha ya mawingu, ikatulia hapo, kisha ikawa giza. Tukimwita Mama Penina, anafika na bisibisi yake baada ya chai, anabonyeza, inawaka. Anatutazama kama watoto waliomwamsha kwa uongo.

Alianza kwa kuuliza tumegusa nini. Kisha akapuliza, akasugua, akabadilisha betri zile ndogo kama vifungo. Alitoa viungo vya kompyuta nzima na kuviweka kwenye ile mbovu, na vya mbovu kwenye nzima, mpaka hakuna aliyejua tena kompyuta yake ni ipi. Alishuku panya. Alishuku flashi ya Godbless yenye video za kwaya, akaipima, akaikuta na virusi wa kutosha kuanzisha kijiji, akawafuta, na kesho yake kompyuta zikazima vilevile. Alifuta programu zote na kuzisimika upya, mashine moja baada ya nyingine, wiki nzima, hasemi na mtu. Zile UPS, visanduku vya akiba ya umeme, zilizonunuliwa ili kuzuia balaa kama hili betri zake zilikwisha zamani, na wengi wetu tulikuwa tunazitumia kuegemezea miguu.

Ndipo siku moja, Nosim amemaliza tu kuwasha mstari na mstari wote ukazima kwa pamoja mbele ya macho yetu, Mama Penina akasema kwa sauti kwamba labda tumekuwa tunatibu mgonjwa asiye mwenyewe, labda kinachohitaji kuangaliwa ni mkono wa huyu dada. Tukacheka. Nosim naye akacheka, maana mgeni hana namna nyingine.

Utani ule ulitoka chumbani kwetu ukiwa utani. Ukapita stoo, ukapita getini, ukaenda mpaka kwa wakulima wanaosubiri nje, ukapanda ofisi ya meneja, na ulipoturudia ulikuwa umeshakuwa habari. Watu waligundua kwamba Nosim alianza kazi wiki moja tu kabla matatizo hayajaanza. Wakagundua ni yeye anayezigusa zote. Mmoja akaondoa kalamu yake mezani Nosim alipoiomba, akasema haina wino.

Wakati huohuo likazuka suala la kiroho. Iligundulika kwamba siku ambazo Mzee Solomoni anaongoza maombi, kompyuta haziguswi na lolote. Mzee Solomoni akisimama kuomba huanza na Arusha mjini, anapanda Meru, anazunguka Monduli na Longido, anavuka mpaka Namanga, anazipitia nchi jirani kwa majina, anarudi kwa wagonjwa, wajane na wasafiri, na akisema mwisho, ujue bado. Godbless naye ni kinyume chake. Maombi ya Godbless ukichelewa kufumba macho unakuta watu wameshasema amina. Na siku za Godbless ndizo zilizokuwa za msiba. Maskini Godbless aliumia sana. Alijaribu siku moja kurefusha, akaishiwa maneno katikati, akarudia kuiombea serikali mara tatu.

Meneja wetu, Bwana Hans Urio, ni mtu anayependa suluhisho lisilo na gharama. Aliamua mambo mawili kwa mpigo: Mzee Solomoni aongoze maombi kila siku, na Nosim asiguse tena kompyuta ya mtu, kila mmoja awashe yake. Kompyuta zikapona. Hazikuzima hata moja. Meneja alitembea koridoni akitabasamu kama daktari, na akatamka mbele ya kikao cha wakuu wa idara, nami nikiwemo, kwamba sasa ni wazi tatizo lilikuwa nani. Alisema Nosim ataambiwa mwisho wa mwezi Mei kwamba hatathibitishwa kazini, atafute mahali pengine.

Nilimsimulia Mama Penina. Alikaa. Aliishika bisibisi yake kwa mikono miwili na kuniambia polepole kwamba yeye amefanya mzaha, na mzaha wake unakwenda kuwatoa watoto watatu chakula mdomoni. Kisha akakasirika, hasira yake ya kawaida, na mimi nikapata nafuu. Alisema meneja amebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, na mtu anayefanya hivyo hawezi kujua kilichoponya ni kipi, na kwamba kifaa kilichopona bila kujulikana kilichokuwa kinakisumbua hakijapona. Alisema mkono hauzimi kompyuta. Nikamkumbusha kwamba aliyesema unazima ni yeye. Akanijibu kwamba analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Alisubiri. Hakuweza kupima chochote wakati Mzee Solomoni anavuka Namanga kila asubuhi. Bahati yake, au niseme bahati ya Nosim, katikati ya mwezi Mei Mzee Solomoni alipata msiba wa ndugu na kwenda kuzika. Kabla ya kuondoka alimwelekeza mlinzi wa zamu namna ya kuwasha boila. Maombi yakarudi kwa Godbless.

Asubuhi hiyo Mama Penina hakuja ibadani. Wapo walioamini kwamba amekufa. Kumbe alikuwa amekaa kwenye chumba chetu, na wakati sisi tunaimba ubeti wa kwanza, akaziwasha kompyuta zote kwa mikono yake mwenyewe, mkono ambao hakuna mtu amewahi kuusema vibaya. Zikawaka, zikahangaika, zikazima mstari mzima.

Akabaki anazitazama. Akawasha tena, na safari hii hakutazama kompyuta, akatazama taa ya dari juu ya meza yangu. Taa ilikuwa na mwanga hafifu wa kinyonge, kama ya nyumba yenye deni la umeme. Akatoka koridoni kufuata waya. Jengo letu ni la zamani, waya wake ni wa zamani, na jiko dogo la chai linapokea umeme kwenye njia moja na chumba chetu. Huko jikoni boila lilikuwa linanguruma. Akagusa waya wake, akaukuta wa moto.

Akasoma karatasi yake mwenyewe. Akalizima.

Akarudi chumbani, akawasha kompyuta. Zote zikaamka. Akaenda akaliwasha boila, akarudi, akazizima na kuziwasha tena. Zikafa. Alifanya hivyo mara nyingine, na nyingine, kama mtu anayetafuta jibu jingine asilipate. Kompyuta inapoamka ndipo inapovuta umeme mwingi kwa pupa, na zikiamshwa zote kwa pamoja huku boila linachemsha chai ya ofisi nzima, umeme hautoshi, basi. Maji yakishachemka, boila linatulia na kujipasha moto kidogo tu, na kompyuta zinaweza kuwaka bila shida. Maombi ya Godbless yalikuwa yanatutoa ukumbini maji yakiwa bado ya uvuguvugu. Maombi ya Mzee Solomoni yalikuwa yanayapa maji muda wa kuchemka.

Nataka msomaji aelewe kwamba alikuwa na njia rahisi. Angeweza kulihamishia boila soketi ya stoo, akasema amepata kirusi kipya, tukampigia makofi, akastaafu na jina lake. Hakuna hata mmoja wetu angejua. Fundi yeyote anazo siri zake za namna hiyo, na yeye alikuwa amebakiza wiki chache tu kuondoka. Lakini kulificha boila kungemwacha Nosim na mkono wake.

Kesho yake Godbless alipomaliza kuomba, yaani mara tu baada ya kuanza, Mama Penina akaomba nafasi. Tulidhani anatangaza sherehe ya kustaafu. Alieleza yote, kuanzia taa mpaka waya wa moto, kwa maneno mepesi mpaka mlinzi wa zamu akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia meneja.

"Nosim hajaharibu kitu," alisema. "Boila ni langu, na ule mzaha wa mkono ni wangu. Kama kuna mtu wa kuondoka hapa kwa sababu ya kompyuta, ni mimi, na mimi barua yangu ya kuondoka tayari ninayo."

Meneja alitazama viatu vyake. Nosim aliinuka taratibu, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye bomba la uani akinawa uso kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha.

Bwana Hans Urio hakuomba radhi, kwani haijulikani kama mameneja wa hapa wamefundishwa. Ila Mama Penina alimfuata ofisini, akaketi chini ya kiraka cha dari, na kusema hatoki mpaka barua ya kumthibitisha Nosim iwe imeandikwa. Meneja akasema mpiga chapa yuko likizo. Akasahau anazungumza na nani. Mama Penina alivuta kiti, akaipiga barua mwenyewe kwenye kompyuta ya meneja, akasahihisha tarehe ambayo meneja aliikosea, akaitoa, akaiweka mbele yake pamoja na kalamu.

Ilibaki kesi ya boila. Kulikuwa na mjadala mrefu, mrefu kuliko ule wa Nosim, kama inaruhusiwa kukihamisha kitu kilichowekwa wakfu. Wengine walisema kukizima tu kulikuwa kosa. Mchungaji akapigiwa simu, akacheka sana, akasema Mungu hana ugomvi na soketi. Fundi umeme akaletwa, boila likapewa njia yake peke yake. Mzee Solomoni aliporudi kutoka msibani na kusimuliwa, alinyong'onyea, akamuuliza Mama Penina kama basi maombi yake hayakuwa na nguvu yoyote. Mama Penina akamwambia yalikuwa na nguvu sana, bila hayo tusingepata hata siku moja ya kazi tangu Januari. Mzee aliridhika, na kwa kuwa aliridhika, bado tunavuka Namanga kila akishika zamu.

Hapo ndipo watu wengi wanafikiri mambo yaliishia. Mimi najua yalipoishia, kwa sababu alinichukua twende pamoja. Jumamosi ile alishuka kutoka kwake Moshono na mkungu wa ndizi, akanipitia, tukaenda Levolosi, tukauliza njia mpaka tukafika kwa Nosim. Mama Penina alikuwa amesikia, sijui kutoka kwa nani, kwamba maneno ya ofisini yalifika mpaka nyumbani kule, na kwamba mtoto mkubwa wa Nosim, msichana wa darasa la tano, alimuuliza mama yake kama mkono wake una ugonjwa, na kwa siku kadhaa akawa anakataa kushikwa kichwa.

Nosim alitupokea vizuri, akatukaribisha chai. Mama Penina hakunywa. Hakuzungumza na Nosim kwanza. Alimwita yule msichana, ambaye alimwamkia kwa kuinamisha kichwa kama walivyolelewa huko kwao, ili aguswe utosini. Mama Penina akamgusa, akaitikia marahaba, na hakuuondoa mkono wake.

"Mkono wa mama yako ni mzima," alimwambia. "Mdomo wangu ndio uliokuwa mgonjwa. Nimekuja kukuambia wewe, kwa sababu wakubwa nimeshawaambia."

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akasogea akakaa karibu naye, akamwegemea. Nosim akamshika kichwa. Mtoto akatulia. Mama Penina ndipo akanywa chai, akasema imekosa sukari, akaongeza.

Huyu ndiye mtu tunayemuaga. Ni mkali, ni mbishi, ana majivuno ya kumtosha mtu mwenye digrii tatu, na akikosea hukosea kwa sauti kubwa. Nimefanya kazi na watu wapole wengi ambao hawajawahi kukosea hivyo, na hawajawahi kwenda mpaka nyumbani kwa mtu kufuta kosa lao.

Mama Penina, ushirika unakushukuru kwa miaka yote hii, kwa nyaya za darini na kwa majina ya wakulima wetu, ambayo hakuna hata moja lililopotea mikononi mwako. Pumzika kwako Moshono, uitazame migomba yako, umsumbue Brenda mpaka aolewe au akukatae kabisa, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya na umeme wa kutosha. Wengine watakusifu kwa kompyuta. Mimi nikiulizwa umetuachia nini, nitasema kesho Jumanne asubuhi Nosim anakuja kazini. Asante kwa hilo, mama yetu.